Pupa, papara, hamaki, kukurupuka: ni jambo moja au manne tofauti?

Mratibu_Mbagala aliuliza:

Habari za jioni wakuu. Naandaa somo la muda wa saa mbili kwa vijana 25 hivi wa bodaboda hapa Mbagala, na jioni yake somo hilohilo kwa kikoba (kikundi cha kuweka na kukopa) cha kina mama jirani. Mada niliyopewa ni "kutenda bila kufikiri kabla". Ndefu, haina ladha, nikiisoma mbele ya vijana watasinzia. Nikitafuta neno moja la kuiita naona yapo mengi: pupa, papara, hamaki, jazba, kukurupuka, kiherehere. Ukifungua kamusi, kila neno linakutuma kwa mwenzake.

Naomba kujuzwa mambo mawili. Maneno haya yanatofautiana wapi hasa? Na la pili, mtu afanye nini, hatua kwa hatua? Tafadhali msiniambie "awe na subira". Hilo wameshaambiwa tangu madrasa na shule ya Jumapili.

Msanifu_Upanga alijibu:

Mkuu, hayafanani hata kidogo. Ukitaka kuyatenganisha, uliza: huyu mtu kakimbizwa na nini?

Pupa inakimbizwa na tamaa. Makazi yake ya kwanza ni kwenye sinia. Watu sita wamezunguka pilau, mmoja anabugia tonge likiwa bado linafuka moshi, anaungua kaakaa, na kuanzia hapo kila anachokula hakina ladha. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Angalia methali ilivyo makini: haisemi atalala njaa, inasema utamu ndio utakaompita.

Papara inakimbizwa na muda. Mtu wa papara anajua cha kufanya, ila anaruka hatua, anamwaga, anarudia. Huenda hana tamaa yoyote, anaogopa tu kuchelewa. Daladala ikiingia kituoni, anayewapiga wenzake vikumbo ili apate siti ya dirishani ana pupa, na anayeacha mkoba wake kwenye benchi ya kituo ana papara.

Hamaki ni hasira inayolipuka. Asili yake ni Kiarabu, kwenye mzizi uleule unaozaa neno la upumbavu, kwa hiyo aliyelileta pwani alikuwa ameshaunganisha mambo hayo mawili. Jazba ni pana zaidi, kwani mtu hupandwa na jazba hata kwenye maombi, kwenye mkutano wa siasa, au Simba na Yanga zikicheza Kwa Mkapa, na hasira isiwepo kabisa.

Sasa kukurupuka. Picha yake ni mtu aliyeshtuliwa usingizini na kishindo, au kware aliyefumaniwa kichakani: mwili unaondoka kwanza, macho yanafumbuka baadaye. Ndiyo maana tunasema "uamuzi wa kukurupuka". Humo hamna lazima ya tamaa wala hasira. Kilichokosekana ni ule muda wa kutazama. Hilo ndilo neno la mada yako. Likihamia mdomoni linakuwa kuropoka.

Kiherehere kiache nje, maana siku hizi kimehamia kwa mtu anayejitia kwenye yasiyomhusu. Na usiandike "amekukurupuka" kwenye bango lako. Kitenzi ni kurupuka, kwa hiyo "amekurupuka" inatosha.

Zamu_ya_Usiku alijibu:

Nikiongezea kwa upande wa afya ya akili: mgawanyo wa Msanifu unakaribiana kiasi na unaotumiwa na wataalamu. Mwaka 2001 Whiteside na Lynam, Marekani, walichambua vipimo vingi vya tabia hii na kuona kwamba kilichokuwa kinaitwa kitu kimoja ni vinne: kutenda kwa haraka ukiwa umeumizwa hisia, kutofikiri kabla, kushindwa kumaliza ulichoanza, na kupenda msisimko. Mwaka 2007 kikaongezwa cha tano: kutenda hovyo ukiwa na furaha iliyopitiliza. Cha tatu mtaani tunakiita nguvu ya soda. Cha tano kiko siku ya mshahara na usiku wa ushindi, na watu hawakihesabu kuwa tatizo kwa sababu aliyekifanya alikuwa anacheka.

Faida ya kugawanya ni kwamba dawa hazifanani. Mtu wa hamaki ukimfundisha kupanga bajeti utakuwa umempigia mbuzi gitaa. Bajeti anaijua vizuri, akiwa ametulia.

Mwilini ni hivi. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo inayosimamisha kitendo kilichokwisha kuanza, na inaendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, karibu 25. Vijana wako wengi bado wako humo. Kwenye majaribio ya maabara, mtu mwenye afya huhitaji karibu robo ya sekunde kuzuia mkono ambao tayari umeamriwa kwenda. Ukizidi hapo, mkono umeshakwenda. Kwa hiyo kumwambia mtu "jizuie" katikati ya tukio ni kumpa kazi ambayo kimwili inakaribia kutowezekana. Kazi inafanyika kabla.

Usingizi mfupi, pombe na njaa vyote vinadhoofisha breki hiyo. Dereva aliyepanda chombo saa kumi alfajiri na bado yuko barabarani saa tatu usiku usimfundishe mbinu yoyote kabla hujamuuliza amelala saa ngapi.

Mbinu yenye ushahidi mzuri ni ya Peter Gollwitzer, aliyeielezea mwaka 1999: sentensi ya "ikiwa… basi…", iliyoandikwa mapema na inayotaja ishara inayoonekana na kitendo cha mwili. "Ikiwa abiria atanitukana kuhusu nauli, basi nitazima injini, nitashusha stendi, nitavua kofia, ndipo nimjibu." Vijana huharibu sehemu mbili. Wanaandika kukanusha ("sitagombana"), na ubongo unabaki na picha ya ugomvi bila kupewa cha kufanya. Au wanaandika ishara ya moyoni ("nikisikia hasira"), ambayo mtu huitambua akiwa ameshachelewa. Ishara iwe ya nje: sauti, neno, mtu, mahali, saa. Kila mtu aandike sentensi moja tu, aisome kwa sauti mara tatu. Wakiandika sita hawatakumbuka hata moja.

Kuhesabu hadi kumi? Kunasaidia kidogo, na hakusaidii kabisa ukihesabu huku unamkodolea macho aliyekuudhi. Geuka kwanza. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, dakika mbili au tatu. Pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, ndiyo inayoshusha mapigo ya moyo. Na ule ushauri wa "piga mto utoe hasira" uachwe. Ukipiga mto huku unamfikiria mtu, hasira inakolea.

Mwisho, yupo asiyehitaji somo bali daktari. Mtu mzima aliyekuwa mtulivu, ghafla akaanza kukurupuka kwenye pesa, mapenzi au kamari: uliza kama aliumia kichwa (kwa bodaboda hili ni la kwanza kuuliza), kama halali usiku na bado ana nguvu za ajabu, na kama anatumia dawa za kutibu kutetemeka mikono za kundi la pramipexole, kwani zinajulikana kuamsha kamari. Kwa mtoto, utundu wa kawaida usiuite ugonjwa. Kinachotafutwa ni dalili zilizoanza kabla ya miaka 12, zinazoonekana sehemu zaidi ya moja, nyumbani na shuleni, kwa miezi sita au zaidi. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, na rufaa huanzia hospitali ya karibu.

Dawati_la_Sheria alijibu:

Kwa bodaboda ongeza dakika kumi za sheria, maana hapa "kufikiri kabla" ina uzito wa kifungo. Kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinachotenganisha kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia ni ile nia ovu iliyotangulia kitendo. Ya kwanza adhabu yake ni kifo, ya pili inaweza kufika kifungo cha maisha.

Vijana wengi husikia hapo wanachotaka: "kumbe nikiua kwa hasira si mauaji". Sivyo. Sheria inakubali utetezi wa kughadhibishwa kwa masharti. Kitendo kiwe kimefanyika katika joto la ghadhabu ya ghafla, kabla ghadhabu haijapata muda wa kupoa, na uchokozi uwe wa kiwango ambacho mtu wa kawaida wa jamii ile angeweza kupoteza utulivu. Aliyetukanwa kituoni Rangi Tatu, akaenda nyumbani kuchukua panga, akarudi, ameshapewa muda wa kupoa. Mwendo ule wa kwenda na kurudi ndio upande wa mashtaka watakaousimulia mahakamani, hatua kwa hatua. Halafu nia ovu haidai mpango wa wiki nzima. Kukusudia kumdhuru mtu vibaya, hata kwa muda mfupi, kunatosha.

Hata kundi linalomkimbilia mtu kwa kelele za "mwizi!" ni kukurupuka kwa pamoja. Kelele za wengi hazimpunguzii mmoja hatia.

Mkufunzi_Pikipiki alijibu:

Naona mnazungumzia hasira tu. Barabarani kinachoua zaidi ni papara, tena ya mtu aliyetulia kabisa, anapiga mluzi.

Wape hesabu, vijana wanapenda hesabu. Kwa kilomita 60 kwa saa, pikipiki inakula karibu mita 17 kila sekunde. Ile robo sekunde aliyotaja Zamu_ya_Usiku ni mita nne na kitu, yaani pikipiki mbili zilizopangwa kichwa kwa mkia. Dereva anahitaji sekunde moja hadi moja na nusu tangu aone hatari hadi breki ianze kushika. Hiyo ni mita 17 hadi 25 ambazo chombo kinakwenda kama vile hana mikono. Akiwa ameachia mita tano nyuma ya daladala ya Mbagala, inayosimama popote abiria anapogonga bodi, ajali imeshapangwa. Kinachosubiriwa ni abiria.

Kwa hiyo umbali ndio kufikiri kabla. Gari la mbele likipita nguzo ya umeme, anza kuhesabu "elfu moja na moja, elfu moja na mbili". Ukifika kwenye nguzo kabla hujamaliza, uko karibu mno. Mvua ikinyesha hesabu hadi "elfu moja na nne". Dakika za kwanza za mvua ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu mafuta na vumbi vinapanda juu ya lami kabla havijaoshwa.

Kabla ya kuchomekea, yaani kujipenyeza njia ya mwingine: kioo, indiketa, subiri kama sekunde tatu, geuza shingo uone upande ambao kioo hakionyeshi, ndipo uingie. Wengi wanafanya zote, lakini indiketa na usukani kwa pamoja. Indiketa ya namna hiyo haiombi njia, inatangaza kilichokwisha kutokea. Kutanua pembeni kwenye vumbi na kuingia njia ya mwendokasi sivifundishi mbinu, hivyo ni kuacha tu. Basi la mwendokasi linakuja kwa kasi, ni zito, na dereva wake hakutegemei pale.

Box_la_Kikoba alijibu:

Kwa wale kina mama, dada au kaka, usianze na saikolojia. Anza na sanduku lao wenyewe, lipo pale mezani.

Mfumo huu wa vikundi vya kuweka na kukopa ulianzishwa na shirika la CARE huko Niger mwaka 1991, kisha ukaenea Afrika. Lile sanduku la chuma lina kufuli tatu, na funguo tatu zinakaa kwa watu watatu, na mwenye kutunza sanduku siyo mmoja wao. Wengi hudhani ni dhidi ya wezi. Mwizi anabeba sanduku zima. Kufuli zile ni dhidi ya Jumanne usiku: mwenye sanduku amepata shida, pesa iko chini ya kitanda, na anajiambia nitairudisha Ijumaa. Ili akurupuke inabidi awaamshe watu watatu, na kila mmoja atamuuliza "kuna nini?" Swali hilo mara tatu ni muda wa kutosha kuamka usingizini.

Sasa wahamishie kwenye simu. Simu haina kufuli tatu. Mkopo wa mtandaoni unaingia kabla maji ya chai hayajachemka, na hapo ndipo kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa, wanapokula. Fanya hesabu ubaoni: amekopa 100,000, anarudisha 120,000 baada ya siku 14. Inaonekana ni "elfu ishirini tu". Mwaka una vipindi 26 vya namna hiyo, kwa hiyo ni asilimia 520 kwa mwaka, kabla ya faini ya kuchelewa. Usiseme neno. Waache waitazame.

Halafu wape vizuizi vya mikono. Futa programu ya mkopo, usiifiche tu kwenye folda, maana kuisakinisha upya na kujaza taarifa kunachukua muda na muda ndio tunaoutafuta. Pesa ya ada na kodi isikae kwenye laini ileile ya matumizi. Iwe kwenye akaunti ya muda maalumu, au igeuzwe hisa za kikoba siku hiyohiyo inapoingia. Namba ya siri usimpe mtu ati akulinde, hilo ni tatizo jingine unalileta ndani. Na kwa chochote kinachozidi kiwango mlichokubaliana, tuseme 50,000, kiandikwe kwenye daftari na tarehe, kinunuliwe baada ya kulala usiku mmoja. Kikizidi 500,000, siku saba. Kiwango wapange wao. Ukipanga wewe watakusikiliza leo tu.

Viwanja navyo nitaje, kwa sababu pesa za mgao mwisho wa mzunguko huishia huko, Chanika, Kigamboni, Mkuranga. Dalali atasema kuna mteja mwingine anakuja saa kumi na analeta taslimu. Sentensi hiyo ipo ili usiende kuuliza. Jibu lake liandaliwe kama alivyoeleza Zamu_ya_Usiku: "Ikiwa nitaambiwa kuna mteja mwingine, basi nitasema mpe yeye, mimi narudi Jumamosi." Kabla ya Jumamosi: ofisi ya serikali ya mtaa, majirani wa pande zote nne, na kama kimepimwa, chukua namba ya kiwanja na kitalu ukafanye upekuzi kwa msajili wa hati. Kama ni nyumba ya familia, hakikisha ridhaa ya mke au mume wa muuzaji ipo kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mmoja kuiuza bila mwenzake. Na kiwanja cha bondeni kikaonwe masika, Machi hadi Mei. Agosti kila bonde ni zuri.

Mzee_wa_Gerezani_Kariakoo alijibu:

Mbona mnafanya kama haraka yenyewe ni dhambi? Methali mnazichagua. Wapo waliosema haraka haraka haina baraka, na wapo waliosema ngoja ngoja yaumiza matumbo, na chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Mfanyabiashara wa Kariakoo anakubali au anakataa bei ya jora la kitenge kwa kupitisha vidole tu. Huyo naye amekurupuka?

Msanifu_Upanga alijibu:

Hapana mzee wangu, na umenisaidia, nilipaswa kulisema. Vidole vyake vilishafikiri kwa miaka ishirini. Vimepima uzito wa uzi, vimekumbuka bei ya mwezi jana, vyote kabla hajafungua mdomo. Kukurupuka hakupimwi kwa saa. Fundi umeme anayeshusha swichi kuu mara tu anaposikia harufu ya waya ana haraka bila papara. Anayefikiri siku kumi jinsi ya kumkomoa jirani hajakurupuka hata kidogo, na anachokwenda kufanya ni kibaya zaidi.

Shida huja pale mtu anapoazima kasi ya mzoefu kwenye jambo asilolizoea. Yuleyule wa vitenge akinunua simu iliyotumika kwa kasi ileile, anaondoka na sabuni ndani ya boksi.

Zamu_ya_Usiku alijibu:

Sahihi kabisa. Tena kuna mfano unaopotoshwa kila mahali, Mratibu, usiutumie vibaya. Phineas Gage, msimamizi wa kazi za reli Vermont, Marekani, tarehe 13 Septemba 1848 chuma cha zaidi ya mita moja na uzito wa kilo sita kilipenya shavuni kikatokea utosini. Alipona, lakini tabia ilibadilika, akawa mtu wa kukurupuka. Hapo ndipo wasimulizi wengi hukomea. Baadaye aliendesha magari ya farasi Chile kwa miaka kadhaa, kazi ya ratiba, njia ngumu na abiria. Wapo watafiti wanaoona kwamba utaratibu wa kila siku huenda ulimrudishia sehemu ya breki aliyoipoteza. Kwa vijana wako nusu hii ya pili ndiyo yenye maana.

Mratibu_Mbagala alijibu:

Nashukuru sana wakuu, na shikamoo mzee wa Gerezani. Nimepanga hivi. Kichwa cha bango: "Usikurupuke". Dakika 20 za maneno manne kwa mfano wa sinia na wa kituo cha daladala. Dakika 30 za mita na nguzo, tukiwa nje barabarani. Dakika 10 za sheria. Dakika 40 kila mmoja aandike sentensi yake ya "ikiwa… basi…". Kina mama wataanza na sanduku na ile hesabu ya 520. Swali moja: wasiojua kuandika nifanyeje?

Mkufunzi_Pikipiki alijibu:

Usiwape karatasi kabisa, hata wanaojua. Wapange wawili wawili. Mmoja anaigiza abiria anayekataa kuongeza mia tano, mwenzake anazima injini, anashusha stendi, anavua kofia. Mara tatu, kisha wabadilishane. Dakika 40 zitatosha vijana 25, na yule anayebaki bila mwenzake awe na wewe. Mazoezi yafanyike pikipiki ikiwa imesimama kweli na ufunguo ukiwa kwenye swichi, kwa sababu ni mkono ule unaozungusha ufunguo ndio unaotakiwa kukumbuka.